Nilifungwa zamani, naweza kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na moto (pikipiki)?

SWALI: Jambo yaya. Niko motari (dereva wa pikipiki ya abiria) hapa Lubumbashi, ku Katuba. Mu 2018 patro (bosi) wangu alinishitaki juu ya moto yake, niliiweka rehani kwa mutu juu mutoto alikuwa mugonjwa, kisha nikashindwa kuikomboa. Tribinali ikanihukumu abi de konfiansi (kutumia vibaya mali niliyoaminiwa), mwaka moja na nusu, nikakaa ku gereza ya Kasapa miezi tisa nikatoka. Sasa dada yangu iko Kitwe, alifungua restora, anataka niende kumusaidia kama mwezi moja. Shemeji alikubali kunipa moto yake, TVS, nipite nayo Kasumbalesa. Ba rafiki ba parkingi banasemaka ukifika pa bariere ya Zambia banaingiza jina mu mashini, buloko (kifungo) yako yote inaonekana, banakufunga tena kule kule. Bengine banasema nipite tu mu bilanga, njia za panya za mashambani. Ni kweli? Na bakiniuliza niseme nini?
Motari wa Katuba

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuandika bila kuficha kosa lenyewe, maana hilo ndio linanisaidia kukujibu sawasawa. Naanza na kile kinachokunyima usingizi: hapana, hawatakufunga tena kwa kifungo ulichokwisha kutumikia. Hakuna askari wa Zambia mwenye kazi ya kukuhukumu mara ya pili juu ya moto ya patro wa Lubumbashi. Hiyo mashini ipo kweli lakini kazi yake ni nyingine. Nchi 196 ziko ndani ya Interpol, Congo na Zambia zote zimo, na polisi wanachotafuta humo ni watu wanaosakwa, paspoti zilizoibiwa au kupotea, na magari na moto za wizi. Mtu aliyefungwa akamaliza akatoka hasakwi na mtu. Kasiye yako judisieri, yaani rekodi yako ya hukumu, iko huku kwetu, haitangulii mbele yako mpaka Kasumbalesa.

Lakini nisikudanganye pia. Zambia iko na sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 2010, inataja aina za watu wanaoweza kuzuiwa kuingia, na hukumu ya zamani inaweza kuwa sababu moja. Kuzuiwa si kufungwa. Wanakurudisha upande wetu, umepoteza mafuta na siku nzima, basi. Inaniuma sana kuona vijana wanakimbilia bilanga na kulipa wavushaji juu ya hofu waliyopandiwa pale parkingi, wakati anayepita bilanga ndio anajitengenezea kosa jipya kabisa: hana muhuri wa DGM (uhamiaji wa Congo), hana muhuri wa Zambia, moto haina karatasi ya duane (forodha), na polisi wa kwanza atakayekusimamisha kwenye njia ya Chililabombwe atakuta mambo hayo yote pamoja. Usipite huko.

Sasa kuna swali hukuliuliza, naliuliza mimi: ulitokaje Kasapa? Walikupa mwaka moja na nusu, ulikaa miezi tisa, kwa hiyo kuna kitu kilikutoa mapema. Kama ni kuachiliwa kwa masharti, sheria yetu inaruhusu mtu kutoka akimaliza robo ya kifungo, mradi amekaa zaidi ya miezi mitatu, ila masharti yanaendelea kukufuata kwa muda mara mbili ya ule uliobaki. Kwako ilibaki miezi tisa, kwa hiyo miezi kumi na nane, imeshapita zamani kama hawakuifuta. Mwingine anayesoma hapa, aliyetoka juzi tu na masharti bado yanatembea, asithubutu kuvuka bila kwenda kwanza kuuliza parike (ofisi ya mwendesha mashtaka). Kama ni msamaha wa Rais uliokutoa, ujue msamaha ule, uliomo kwenye katiba ya 2006 artikle 87, unapunguza au unaondoa adhabu lakini hukumu inabaki imeandikwa. Amnistia ndio inafuta, na hiyo inatoka kwa sheria ya Bunge. Wengi wanachanganya hivi viwili, wanajaza fomu wanaandika hawajawahi kuhukumiwa, kumbe wamedanganya bila kujua.

Jambo lingine kubwa kuliko yote: ile hukumu ilikuamuru ulipe amande (faini) na fidia ya patro? Ulilipa? Risiti iko wapi? Amande isiyolipwa inaweza kugeuka siku za buloko, na fidia pia inaweza kukuletea kushikwa. Hapo ndio mtu anatoka kwenye "nilimaliza" anaingia kwenye "natafutwa". Kwa hiyo kabla ya kuwaza mafuta nenda grefu (ofisi ya karani) ya tribinali iliyokuhukumu, omba kopi ya hukumu, omba wakuangalizie kama kuna kitu kimebaki wazi kwa jina lako, na ile karatasi uliyotoka nayo Kasapa itafute nyumbani hata kama imechanika. Zikikamilika mpe mtafsiri aliyeapishwa akuwekee kwa Kiingereza, kwa sababu afisa wa Zambia hasomi Kifaransa, na karatasi asiyoielewa haitakusaidia kitu mbele yake.

Tuje kwa moto, na hapa naomba usome pole pole, maana mimi naona moto hii inaweza kukutesa kuliko Kasapa. Wewe ulihukumiwa juu ya moto ya mtu. Sasa unafika mpakani umepanda moto ya mtu. Hata afisa mwenye roho nzuri atauliza. Shemeji akuandikie prokirasyo (barua ya kukuruhusu kutumia moto yake), isainiwe mbele ya notere, jina lake, jina lako kama lilivyo kwenye paspoti, plake (namba ya usajili), namba ya shasi, nchi unayoenda, na tarehe ya kwenda na kurudi. Beba karte roze (kadi ya usajili wa moto) orijino pamoja na kopi. Halafu chukua kitambaa chenye mafuta kidogo, futa grisi na vumbi pale kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, soma namba iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, linganisha na karte roze, piga na picha. Nimeona karte roze ambayo karani aliandika O mahali pa sifuri na mwenye moto hakuwahi kujua. Namba ikiwa imekwaruzwa au imepakwa rangi juu yake usivuke nayo, shemeji akaisawazishe kwanza, maana pale mpakani namba iliyochezewa inamaanisha moto ya wizi, na wewe mwenye hukumu ya abi de konfiansi utajieleza mpaka jua lizame.

Mengine ni ya kila motari. Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90, makamio (malori) ya shaba yanapanga foleni ndefu, usijipenyeze katikati yao. Upande wetu DGM inagonga paspoti na duane ya DGDA inakupa karatasi kwamba moto inatoka kwa muda tu, ichunge sana, bila hiyo ukirudi wanaweza kukudai kodi kama umeingiza moto mpya. Upande wa pili duane yao, ZRA, inakupa kibali cha kuingiza moto kwa muda, na kuna kodi ya moshi ya vyombo vya nje. Kadi za njano ni mbili na watu wanasahau moja kila mara: moja ni ya bima ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), unaichukua hapa kabla ya kuondoka, nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo yule anayekuambia yako imekufa juu ina miaka kumi anakosea. Kofia uvae, na abiria wako avae. Na ukishavuka tu, kushoto! Kule wanaendesha kushoto, na hatari kubwa ni asubuhi ya siku ya pili, unatoka kwa dada na usingizi bado machoni, mkono unakuvuta kulia.

Wakikuuliza kama uliwahi kuhukumiwa, sema ndio. Sema kwa kifupi: 2018, Lubumbashi, juu ya moto, nilimaliza, karatasi hizi hapa. Usilie, usiongeze hadithi ya mtoto mpaka waulize. Wasipouliza si lazima uanze kuhadithia, lakini fomu ikiuliza andika ukweli, kudanganya afisa wa uhamiaji ni kosa peke yake, na hilo litakuwa jipya, la Zambia, halina uhusiano na patro wako.

Na kusaidia restora mwezi mzima, ndugu, ni kazi. Muhuri wa kutembelea hauruhusu kazi, wala kubeba abiria Kitwe na moto yenye plake ya Congo. Kumwona dada, kula kwake, kucheza na watoto, sawa. Ukisimama kwenye kaunta unapokea feza unahitaji kibali kingine, mwambie dada aulize ofisi ya uhamiaji pale Kitwe kabla hujaondoka.

Kwa wale wanaouliza kila mwezi juu ya kuendelea mpaka Johannesburg: Afrika Kusini ni kali zaidi. Sheria yao namba 13 ya 2002 inamzuia mtu aliyehukumiwa popote duniani kwa mauaji, dawa za kulevya, kuteka watu, kusafirisha watu, utakatishaji wa feza na mengine ya uzito huo. Abi de konfiansi haiko kwenye orodha hiyo, ila viza wanaomba karatasi ya polisi kwa anayetaka kukaa muda mrefu.

SWALI: Yaya, mudogo wangu anaishi Portland, Maine, kule Marekani, iko na green card (kibali cha kuishi kule daima). 2021 polisi walimushika akiendesha gari amelewa, 2022 akamaliza adhabu yote. Sasa anataka kwenda na moto yake Montreal ku harusi ya binamu. Anasema gari ndio ilimukosesha, kwa hiyo akienda na moto, ao akipanda nyuma ya rafiki, Canada hawatamusumbua.
Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi

JIBU: Mama, mwambie hapana, na mwambie leo. Canada haiangalii umepanda nini, inamwangalia mtu. Na kule si kama Kasumbalesa, afisa wa Canada anaiona hukumu ya Marekani kwenye kompyuta yake.

Tangu tarehe 18 Desemba 2018 Canada ilipandisha adhabu ya juu ya kuendesha umelewa kutoka miaka 5 hadi 10, na hapo kosa hilo likaingia kwenye makosa mazito ya uhamiaji. Zamani kosa moja la namna hiyo liliweza kuisha lenyewe baada ya miaka 10, lake la 2021 haliishi lenyewe. Njia ni mbili. Kuomba asafishwe rasmi, yaani Canada ikubali kwamba amejirekebisha, lakini inaruhusiwa miaka 5 baada ya adhabu yote kwisha, pamoja na amande na muda wa kuchungwa nje ya gereza, kwa hiyo kwake ni 2027. Ao kuomba kibali cha muda, ambacho afisa anaweza kukubali au kukataa, na anatakiwa aeleze kwa nini safari ni ya lazima. Harusi ya binamu sioni kama itamshawishi afisa, lakini kujaribu si kosa.

Na kuna kurudi. Mwenye green card akitoka Marekani akiwa na hukumu, makosa mengine yanaweza kufanya aulizwe upya wakati wa kuingia. Kulewa mara moja tu kwa kawaida si mojawapo, lakini kama siku ile waliongeza kosa lingine, kuumiza mtu ao mtoto alikuwa ndani ya gari, hesabu inabadilika. Aombe tribinali ya kule kopi ya hukumu nzima, aipeleke kwa avoka (mwanasheria) wa uhamiaji Portland, na asiwashe hiyo moto kuelekea Montreal mpaka avoka amjibu.