Sura ya Kwanza Mara Saba: Maswali ya Wanaoandika kwa Mapenzi

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wanaoandika baada ya kazi, bila malipo na bila mhariri wa kuwasukuma. Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha.

Mimi ni muuguzi, Mwanza. Nilianza riwaya mwezi wa kwanza. Kazi yetu ni ya zamu: siku nyingine napata saa nzima, nyingine sipati hata dakika. Kila nikikaa nasoma tangu mwanzo ili nikumbuke nilipoishia, narekebisha hiki na kile, mara muda umekwisha. Sura ya kwanza nimeshaiandika mara saba. Ya pili ina kurasa tatu. Nipateje nidhamu?

Dada, mtu aliyeandika sura moja mara saba ana nidhamu ya kutosha kumaliza riwaya mbili. Kinachokuangusha ni kule kusoma tangu mwanzo. Kurasa 30 za daftari, ukizisoma kalamu ikiwa mkononi, zinakula saa nzima, na saa nzima ndiyo yote uliyo nayo. Tena sura ya kwanza haitatengemaa sasa hivi hata ukiiandika mara ya nane, maana hujajua hadithi inaishaje. Mwisho ndio unaoamua mwanzo uanzie wapi.

Kwa hiyo chukua kurasa zote za sura ya kwanza, uzibane kwa kibanio cha nguo zisifunguke. Kila wazo la kurekebisha linalokujia liandike nyuma kabisa ya daftari, mstari mmoja: "uk. 12, shangazi ahamie Geita." Basi. Usirudi ukurasa wa 12. Ukishaamua kwamba shangazi yuko Geita, kuanzia leo andika kana kwamba alikuwa huko siku zote. Orodha hiyo ya nyuma utaishughulikia rasimu ikiisha, na mambo mengi humo utakuta hayana haja tena, kwa sababu hadithi ilishapita njia nyingine.

Halafu angalia unavyoacha. Wengi huacha wakifika mwisho wa tukio, wakaona wametua mzigo vizuri. Wakirudi baada ya siku tatu wanakuta ukurasa mweupe na hawana pa kushika. Wewe acha katikati ya sentensi, ukijua kabisa neno linalofuata. Chini yake, kwa penseli, jiandikie mistari miwili mitatu ya kujikumbusha. Mathalani:

*Bi Mwanahawa alifungua kasha, akaitoa ile barua, akaisogeza kwenye taa na ku*

*(Barua si ya mumewe, ni ya mdogo wake. Asiisome yote. Mlango ugongwe akiwa mstari wa tatu.)*

Mwenye maelezo hayo hana haja ya kurasa 30. Anasoma ukurasa wa mwisho tu, dakika mbili, anamalizia lile neno lililokatika, na mkono umeshaanza kwenda.

Sasa kiasi. Ratiba ya zamu ikibandikwa, weka alama siku nne kila wiki, zisizidi. Wiki ya zamu za usiku andika kabla ya kwenda kazini, ukitoka, lala. Kila siku yenye alama, maneno 150. Ni kama mistari 20 ya daftari kwa mwandiko wa maneno saba au nane kwa mstari. Unaona ni kidogo? Kwa wiki ni 600, kwa wiki 50 ni 30,000, na hiyo ni riwaya fupi kamili. Siku ikikunyookea andika hata 500, hakuna wa kukukataza, ila ya ziada usiyahesabu kuwa akiba ya kesho.

Deni nalo usilibebe. Umekosa Jumanne, Alhamisi unajidai maneno 300. Ukikosa na Alhamisi, Jumamosi yamekuwa 450, na mtu aliyetoka zamu akiona 450 anafunga daftari hadi mwezi ujao. Ukikosa umekosa. Siku inayofuata ni 150 yaleyale.

Novemba nilijaribu ile changamoto ya Wamarekani ya kuandika maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Nilikomea 11,000, na tangu hapo sijagusa kalamu. Pengine mimi si mwandishi? Mwanafunzi, Kilifi.

Changamoto hiyo ilianzia California mwaka 1999, kwa watu wanaoandika Kiingereza, na waandaaji wake walifunga shughuli mwaka 2025. Ilidai maneno 1,667 kila siku, siku 30 mfululizo. Hata kwao wengi waliishia njiani. Lakini wewe ulibeba zaidi yao bila kujua. Chukua neno "hawakutuambia": kwetu ni neno moja, Mwingereza hutumia matano kusema jambo hilohilo. "Nitakapomwona" ni neno moja pia. Viambishi vyetu vinameza maneno yao, hivyo maneno 50,000 ya Kiswahili yana hadithi kubwa kuliko 50,000 ya Kiingereza. Ulikuwa unapimiwa kwa pishi la watu wengine.

Jipimie la kwako. Tega saa dakika 20, andika bila kufuta, kisha hesabu maneno. Fanya hivyo siku tatu tofauti: moja ukiwa umechoka, moja ya kawaida, moja ya mapumziko. Tuseme umepata 130, 210 na 340. Lengo lako la kila siku ni 130. Usichukue wastani; wastani utakushinda siku zote za uchovu, na hizo ndizo nyingi. Ukitimiza wiki nne bila kuyumba, ongeza 20. Ukiyumba, rudi ulipokuwa.

Hayo 11,000 usiyatupe. Yasome mara moja bila kalamu, utafute tukio moja linaloweza kusimama peke yake. Hadithi fupi ya maneno 2,000 imo humo ndani.

Mimi ni Mzanzibari niishiye Maskati. Natunga tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti. Ubeti wa kwanza hutoka kama maji, wa pili kwa taabu, wa tatu vina vinaniishia, naliweka shairi kando. Ninayo kumi na manne ya namna hiyo. Hamu inakwenda wapi?

Hamu haijaenda popote, ndugu. Hazina ya maneno ndiyo iliyokauka. Ukishikilia mtiririko, yaani vina vilevile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, shairi la beti sita lenye kibwagizo (mshororo wa nne unaorudiwa kila ubeti) linataka maneno 18 ya kina cha kati na 18 ya kina cha mwisho, kwa kuwa kila ubeti una mishororo mitatu ya kuvitumia. Aliyeanza na "-pwe" amejifungia mlango mwenyewe. "-ka", "-na", "-ni" na "-li" zina ukoo mkubwa.

Basi kabla ya kutunga ubeti wa kwanza, gawa ukurasa sehemu mbili, orodhesha maneno ya kila kina. Usianze hadi kila upande ufike 25, maana mengine hayataingia katika maana. Ukikwama kwenye tisa, badilisha kina, au tunga ukaraguni, vina vibadilike kila ubeti. Kisha tunga kibwagizo kwanza, hata kama ndicho mshororo wa nne. Ubeti unaojua unakokwenda hautangitangi.

Mara nyingine kinachokwamisha ni mizani, yaani hesabu ya silabi: nane kila nusu ya mshororo. Tazama ukwapi huu, yaani nusu ya kwanza ya mshororo: *Kalamu nimeichukua*. Hesabu kwa vidole: ka-la-mu-ni-me-i-chu-ku-a, tisa. Mtunzi anasikia kwamba kuna kitu hakikai, hajui ni nini, anachukia shairi zima. Ondoa ile "i" ya mtendwa: *Kalamu nimechukua*, nane, imekaa. Au geuza: *Kalamu nimeishika, wino umekwisha jana*. Nane kwa nane, na vina "-ka" na "-na" viko tayari kukuhudumia.

Ubeti mmoja kwa siku unatosha kabisa. Ni mizani 64. Yale kumi na manne yachukue moja moja, lenye vina tajiri kwanza.

Hamu ya kuandika inanijia saa nane za usiku tu. Mchana nikikaa, hakuna kitu. Niisubiri? Dodoma.

Usiisubiri. Weka daftari dogo na penseli kando ya kitanda. Ikija saa nane, andika maneno kumi ya kuishika, ulale. Mchana anzia hapo. Mistari miwili ya kwanza itakuwa mibovu, ndiyo kawaida yake, utaikata baadaye.

Naendesha lori. Foleni ya Tunduma inaweza kunipa hata siku mbili za kukaa bure, na huko ndiko ninakoandikia, kwenye simu. Shida ni mbili: meseji zinanivuruga, na mara mbili simu imekufa na hadithi zangu zote.

La kwanza: hali ya ndegeni kwa dakika 25, halafu fungua, jibu watu wako, rudia. Tajiri akikuhitaji hatakosa kukupata ndani ya nusu saa. Tumia programu ya maandishi isiyotegemea intaneti. Kibodi iongezee Kiswahili kwenye mipangilio, au zima masahihisho ya otomatiki. Iliyowekwa Kiingereza pekee itakubadilishia maneno, na kila ukirudi nyuma kulirudisha neno, sentensi uliyokuwa nayo kichwani inakimbia.

Usiandike hadithi nzima katika faili moja. Kila tukio faili lake, lenye namba: 01 Mizani, 02 Kituo cha mafuta, 03 Mpakani. Faili refu kwenye kioo kidogo hukulazimisha kusogeza juu na chini, na ukisogeza utasoma, na ukisoma utaanza kurekebisha (mwulize dada yetu wa Mwanza).

La pili: kila jioni mtandao ukipatikana, nakili ulichoandika, ujitumie kwa barua pepe, tarehe ikiwa kwenye kichwa. Nakala iliyomo ndani ya simu hiyohiyo haihesabiki. Na nenosiri la barua pepe liandike kwenye karatasi nyumbani, la sivyo simu ikifa vinakufa vyote viwili.

Mke wangu ndiye msomaji wangu wa kwanza. Kila jioni namsimulia nitakachoandika, anacheka, anauliza maswali. Nikikaa mezani hamu yote imekwisha. Nimkatize? Morogoro.

Mke hana kosa. Hadithi umeshaisimulia, kicheko umeshakipata, mkono unaona hakuna tena kilichobaki cha kufanyia kazi. Msimulie yaliyokwisha kuandikwa tu. Akikuuliza kitakachofuata, mwambie swali, usimwambie jibu: "Sasa huyu mwizi, kwa nini amerudisha baiskeli?" Muache akisie, nawe nenda mezani na jibu lako likiwa bado moto.

Kila Jumapili mpe kurasa zilizokamilika, hata zikiwa tatu. Usimwulize kama ni nzuri, atasema ni nzuri. Mpe penseli, aweke kialama kidogo pembeni pale alipoziweka chini akaenda kuangalia jiko. Jioni zihesabu hizo alama. Alama moja yaweza kuwa maharage kweli yalikuwa yanaungua. Zikiwa mbili katika ukurasa mmoja, andika namba ya ukurasa huo nyuma ya daftari, na Jumatatu endelea na ukurasa mpya.