Mashine ya shoti ya misuli kwa mama mwenye kisukari, soma kabla hujambandikia

Mkuu pole na kuuguza. Umesema mama ana kisukari cha siku nyingi, miguu inakufa ganzi, na umemchukulia Kariakoo kale kamashine ka betri kenye waya na stika ili misuli ichezecheze apate nguvu, sasa unauliza aweke namba ngapi. Mi nakuomba miguuni usimbandikie kwanza kabisa.

Hiyo kitu nimeitumia sana baada ya operesheni ya goti, paja lilisinyaa mpaka suruali inapwaya upande mmoja, na imenisaidia, naiamini. Ila yule fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali) kila akitaka kuwasha alikuwa ananiambia fumba macho, ananigusa paja mara na pamba mara na ncha ya kalamu, nitaje ni kipi. Nikamuuliza ya nini wakati nasikia vizuri tu, akasema ngozi ndo breki ya hii mashine, umeme ukizidi unashtuka unasema punguza. Mwenye ganzi hasemi punguza, anasema mbona sisikii kitu ongeza, anaongezewa weee mpaka ngozi inaungua chini ya stika na yeye anaendelea kupiga stori. Na kidonda cha mguu kwa mtu wa kisukari unakijua, kuna watu wameishia kukatwa mguu.

Halafu stika zenyewe, ikianza kubanduka pembeni au gundi imekauka tupa, maana umeme wote unapita kwenye kasehemu kadogo kalikoshika, hapo hata asiye na ganzi anaungua. Ngozi ioshwe ikauke, isiwe na mafuta. Anzia sifuri upandishe taratibu, usihamishe stika wakati imewaka, na asilale nayo. Mi nilikuwa nawekewa hezi 50 hivi, yaani mipigo 50 ya umeme kwa sekunde, sekunde 10 msuli unakaza, 50 unapumzika, na mimi mwenyewe nakaza goti pamoja nayo. Hayo mapumziko msiyadharau jamani, hata kwenye zile suti za umeme za gym kuna watu wamezidisha siku ya kwanza tu wakalazwa, misuli imeharibika, mkojo umegeuka kahawia iliyokoza, figo zinaelemewa.

Na majirani wataazima, lazima. Aliyewekewa betri ya moyo usimpe. Mjamzito asiweke tumboni wala kiunoni, mwenye kifafa amuulize daktari wake kwanza, mwenye kansa asiweke sehemu yenye uvimbe. Shingoni kwa mbele hapana kwa mtu yeyote, wala stika moja kifuani nyingine mgongoni, hapo umeme unakatiza moyoni.

Siku ya kliniki nendeni na hiyo mashine, waombe wampime ganzi, wana kauzi kagumu ka nailoni wanakagusisha nyayoni huku mgonjwa kafumba macho. Wakikuta mapajani anasikia vizuri fizio anaweza kukuelekeza pa kubandika, nyayo ndo sahau. Kwa sasa avae viatu vyake, akae kwenye kiti kigumu awe anasimama na kukaa taratibu we uko pembeni, mapaja yanapata kazi bila umeme.

Halafu hukusema kama miguu imevimba, na kama imevimba ni yote au mmoja? Kama ni mmoja, una joto na kigimbi (shavu la mguu) kinauma, usiuchue wala usiweke mashine, mpeleke hospitali leo leo, inawezekana damu imeganda kwenye mshipa.