PHP bado ina kazi, usiikimbie kwa sababu ya kelele

Haupiti mwezi bila kijana kunitumia meseji, "kaka naambiwa PHP imekufa, nihamie Python au nianze na Node?" PHP ni lugha ya programu inayoendesha tovuti upande wa seva, Python na Node ni washindani wake. Na mimi kila nikiulizwa nakumbuka usiku mmoja wa 2019 nikiwa Morogoro, mteja wangu wa duka la vipuri ananipigia saa nne usiku tovuti yake imekuwa nyeupe pee. Kufungua logi nakuta kosa moja tu, mysql_connect, ile amri ya kuunganisha tovuti na databesi, haijulikani. Kumbe watu wa hosti, wale wanaoihifadhi tovuti, wameipandisha seva kutoka PHP toleo la 5.6 kwenda 7, na zile fankisheni za mysql zilishaondolewa tangu 7.0 ilivyotoka Desemba 2015, tena onyo lilikuwepo tangu 5.5. Nikakesha nahamishia PDO, njia nyingine ya PHP kuongea na databesi, faili moja baada ya jingine, adhana ya alfajiri ikanikuta bado nipo mezani.

Basi iliyokufa ni hiyo PHP, ile tuliyofundishana kwa kukopi na kupesti.

Ushindani upo, sikatai. Node ilivyokuja 2009 mtu wa JavaScript akaweza kuandika mbele kwenye brauza na nyuma kwenye seva kwa lugha ileile moja, Python nayo imebeba mambo yote ya data na AI, kwa hiyo kama moyo wako uko huko we nenda Python moja kwa moja usipoteze muda na mimi. Ila WordPress peke yake inaendesha zaidi ya 40% ya tovuti duniani, Wikipedia mpaka hii yetu ya Kiswahili inakaa juu ya MediaWiki ambayo ni PHP, Moodle wanayopakia notsi vyuoni ni PHP, sasa hivyo vyote nani atavitunza?

Halafu kuna suala la hela ambalo vijana hawalitazami kabisa. Mwenye duka anataka hosti ya bei ndogo ya kuchangia na wenzake, unapakia faili zako, unaunganisha databesi, asubuhi tovuti iko hewani. Ukimletea Node unaanza kumweleza habari za VPS, yaani seva pepe ya kukodi na kuisimamia mwenyewe, na nani ataiwasha programu ikizima, hapo ameshachoka na wewe.

Kwa hiyo kama PHP unaijua, baki nayo lakini hamia toleo la 8, zoea kuandika taipu (aina ya data), tumia Composer ya kuvuta maktaba za kodi, shika Laravel ambayo ni fremuweki ya PHP, na JavaScript iongeze maana kwenye brauza huwezi kuikwepa. Na leo hii ingia kwenye seva ya kila mteja wako uandike php -v, ukiona toleo linaanza na 5 mpigie umwambie gharama mapema, apdeti za usalama za 5.6 zilikoma mwisho wa 2018, ifanye hiyo kazi mchana ukiwa na bakapu mkononi.