Uliza Afande: Risasi za marehemu ziko sandukuni, tuzitupe wapi?

*Safu hii inajibiwa na askari mstaafu aliyekaa ghala la silaha miaka mingi. Majina ya wanaouliza tumeyaficha.*

Afande shikamoo. Baba alifariki mwaka jana huku Kilosa, alikuwa na shotigani yake ya halali ya kufukuzia ngedere na nguruwe pori shambani. Baada ya arobaini bunduki tuliipeleka polisi pamoja na kitabu chake tukajua yameisha. Sasa juzi mama anatoa nguo kwenye sanduku la bati kakuta boksi lina risasi 14 za shotigani, zile nyekundu za plastiki, alafu chini kabisa ndani ya soksi kuna nyingine 5 za shaba zina ncha, zimeota ukijani. Baba mdogo anasema tumbukiza chooni yaishe, kaka anasema kuna mwindaji atanunua, jirani kasema choma na takataka. Mi polisi naogopa, wataniuliza mbona hazikuja na bunduki. Nifanyeje? – Binti wa Kilosa

Marahaba binti yangu, na poleni na msiba. Kwanza hebu mwambie mama asiendelee kuzihesabu, maana najua kila mgeni akija zinatolewa anaonyeshwa. Zirudi sandukuni, sanduku lifungwe kufuli, ufunguo akae nao yeye, na sanduku lenyewe likae mbali na jiko na wajukuu.

Sasa nianze na huyo jirani wa kuchoma maana huyo ndo ataua mtu. Watu wanadhani risasi ikiwa nje ya bunduki ni kama kokoto tu. Ndani ya lile ganda kuna baruti, na nyuma kuna kidude cha duara ambacho pini ya bunduki inakigonga, ukiipasha moto inalipuka yenyewe hata kama hakuna bunduki. Na kwa kuwa hakuna mtutu wa kuielekeza, ganda linapasuka vipande vipande, na mara nyingi kinachoruka kwa kasi sio kile kichwa cha risasi ila shaba ya ganda, kwa sababu ndo nyepesi. Huyo anayechochea taka na fimbo ndo anaikuta jichoni.

Baba mdogo na choo chake. Risasi za kiwandani zimezibwa vizuri, maji hayaziui kwa uhakika, zinaweza kukaa humo miaka na siku ya kunyonya choo au kuchimba kipya kijana wa watu anaibua kitu na koleo. Alafu risasi yenyewe ni madini ya risasi, jina lake liko hapohapo, na marisau, yaani vile vidonge vidogo vilivyojaa kwenye zile nyekundu, mengi ni madini hayohayo, ni sumu, na nyie wa vijijini kisima na choo havipishani mbali. Kuna na wale wa kuloweka kwenye dizeli au mafuta ya taa eti baruti inaharibika, hao nao waache, unaweza kuziloweka wiki nzima na bado ikabaki hata moja nzima na hutaijua ni ipi.

Kaka ndo anakupeleka jela kabisa. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi kama ng'ombe au shamba, kwahiyo kwa sasa hakuna yeyote hapo nyumbani mwenye haki na zile risasi, na asiyekuwa na haki nazo hawezi kuziuza. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kesi za namna hii zinaingia kwenye uhujumu uchumi, yaani dhamana yake sio ya kwenda mahakama ya mwanzo na shemeji kuweka hati ya kiwanja. Kwa risasi 14! Na mwindaji anayenunua risasi bila karatasi mi naanza kujiuliza anawinda nini na anawindia hifadhi gani.

Haya, hofu yako ya polisi. Sitakwambia hofu hiyo ni ya kijinga, nimekaa upande ule wa kaunta na najua raia anavyopokelewa siku ambayo askari wa zamu hajanywa chai. Lakini angalia ulivyo. Bunduki mlishaisalimisha kwa hiari na kitabu chake, maana yake kumbukumbu ipo, na kuleta kilichosalia ni muendelezo wa jambo lilelile. Mtu anayekamatwa nazo kwenye upekuzi na mtu aliyepiga simu mwenyewe sio kesi moja.

Fanya hivi. Usizibebe. Usipande nazo bodaboda wala basi, usimpe mtoto wa shangazi akupelekee. Nenda mikono mitupu kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kata, mweleze, muongozane mpaka kituo kilekile mlichopeleka bunduki, na uombe kumuona mkuu wa kituo sio kuropoka kaunta mbele za watu. Chukua nakala ya cheti cha kifo na karatasi yoyote mliyopewa mlipokabidhi bunduki. Sema tu: tumekuta zilizobaki, ziko nyumbani zimefungiwa, tunaomba mje mchukue au mtuelekeze. Wakija wahesabu mbele yako na mbele ya mwenyekiti, iandikwe idadi na aina, isainiwe, na wewe ubaki na nakala. Hapo usione aibu kung'ang'ania, mimi mwenyewe niliwahi kupokea mzigo bila kuandikishana, ukaja kuhesabiwa pungufu, na ile wiki sitaisahau.

Hizo 5 zenye ncha sasa. Kwa unavyozieleza sio za shotigani kabisa, ni za bunduki ya masafa, inaweza kuwa ya kuwindia, inaweza kuwa ya SMG, yaani ile ya kivita aina ya AK-47. Baba yako kazipata wapi sijui na wewe hujui, na wapo wazee wengi waliorudi kutoka vita ya Kagera 1978 na 1979 na vitu mifukoni wakavihifadhi kama kumbukumbu. Usizifiche ukapeleka zile nyekundu tu! Ndo kosa watu wanalofanya. Zitaje zote kwa pamoja, useme zilikuwa kwenye soksi chini ya nguo za marehemu, basi, usitunge hadithi ya kumsafisha mzee. Na ule ukijani usiusugue kwa brashi wala msasa wala Vim, maana ukijani ni shaba imeliwa na humo ndani hujui hali ikoje.

Alafu kwa wengine wote mnaosoma hii na mna kitu cha namna hiyo darini: serikali huwa inatoa vipindi vya msamaha, kwa mfano mwaka 2022 ilikuwa Septemba na Oktoba, mtu anasalimisha hata silaha haramu na hashtakiwi. Likitangazwa tena msikae mkisubiri siku ya mwisho. Ila wa Kilosa usisubiri msamaha, wewe huna silaha haramu, una mabaki ya silaha halali na soksi moja ya maswali.

Mambo vipi afande, niko Gongo la Mboto, tunachimba shimo la choo, fundi kagonga chuma kimekaa kama chupa ya soda ila kizito kina kutu, anasema chuma chakavu wanapima kwa kilo. Tukiuze au? – Dogo wa Ulongoni

HAPANA. Acha kusoma, mtoe fundi shimoni kwanza, alafu urudi.

Wewe unaishi Gongo la Mboto na unaniuliza swali hilo! Tarehe 16 Februari 2011 ghala la mabomu la kambi pale lililipuka usiku, zaidi ya watu 20 walikufa, maelfu wakalala uwanja wa mpira, na vipande viliruka kuangukia nyumba za watu mbali na kambi. Miaka miwili kabla, 29 Aprili 2009, ilikuwa Mbagala. Wanajeshi walipita kukusanya lakini kilichozama kwenye tope la masika kinasubiri jembe. Inaweza kuwa bomba la maji la zamani, sawa, ila hiyo sio yako wala ya fundi kuamua.

Na hilo la chakavu ndo linanipa hasira. Mwaka 2017 kule Ngara, Kagera, mtoto wa shule ya msingi ya Kihinga aliokota chuma akidhani ni cha kuuza chakavu, akaenda nacho shule, lilikuwa bomu, wanafunzi watano wakafa. Watoto wa darasa la kwanza jamani. Mnunuzi wa chakavu anagonga na nyundo, anakata na gesi, anarusha kwenye gari. Usiguse, usimwagie maji, usifukie tena, usikipige picha kwa karibu ili urushe kwenye grupu. Weka kijiti na kitambaa kwa mbali, zuia watoto na mbuzi, piga 112, mjulishe mjumbe. Watakuja na watu wa jeshi wa mabomu. Siku ya choo imepotea, mlipe fundi nusu siku aende nyumbani.

Kaka yangu, sisi tuko Texas, mume wangu alikuwa anaenda renji kulenga shabaha, bunduki kaiuza kihalali na tunahamia Nairobi mwezi wa kumi. Zimebaki boksi tatu za risasi garaji. Tumpe rafiki yetu? – Mama Njeri

Dada, Marekani hapo mambo ni mepesi zaidi ila yana mitego. Rafiki yupi? Kama yuko na viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho kwa kawaida haimruhusu hata kumiliki risasi, ukimpa zawadi umempa matatizo ya uhamiaji. Njia rahisi ni kupiga namba ya kawaida ya polisi wa mji wenu au ofisi ya sherifu, sio 911, uulize wanapokea siku gani na mzipeleke vipi. Renji aliyokuwa anaenda mumeo pia waulizeni, baadhi wanachukua. Pipa la taka hapana, lori la taka linakandamiza. Posta hapana, ya Marekani haibebi risasi kabisa.

Na kabla ya safari, lile begi alilokuwa anaendea renji LISISAFIRI. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa visiwa vya Turks and Caicos kwa sababu ya risasi chache zilizosahaulika kwenye mabegi, kosa ambalo wakati ule kiwango chake kule kilikuwa kuanzia miaka 12 jela. Geuza kila mfuko, kung'uta, pitisha mkono kwenye bitana. Kama mnaipenda sana hiyo begi nunueni nyingine ya rangi ileile.

Afande mi nina ganda tupu la risasi nimelifanya kishika funguo, demu wangu anasema ni kosa. Kweli? – Msela wa Tanga

Una uhakika ni tupu? Liangalie: mbele pawe wazi kabisa unaona mpaka chini, na nyuma kile kidude kiwe na alama ya kugongwa. Kama kina alama lakini kichwa cha risasi bado kipo mbele, hiyo ni risasi iliyogoma kulipuka na ni mbaya kuliko nzima, usiifungue na plaizi, usitembee nayo, iweke mahali penye kufuli na upige simu kituoni waje kama nilivyomwambia binti wa Kilosa. Kama kweli ni ganda tupu, mi bado ningeliacha. Polisi wa barabarani saa nane usiku hana muda wa kuchungulia ndani, na uwanja wa ndege watakutoa foleni wakupekue mpaka soli ya kiatu huku ndege inafunga mlango. Demu yuko sahihi, mnunulie chipsi.