Re: Nibadilishe i5-4460 au niiache?

Habari mkuu. Una prosesa ya i5-4460 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti, gemu zinakwamakwama, unawaza kununua prosesa ya i7-4790. Usitoe hela bado. Washa MSI Afterburner, programu inayoonyesha kadi na prosesa zinafanya kazi kwa asilimia ngapi, ukiwa unacheza: kadi ikigonga 99%, prosesa haina kesi. Kadi ikiwa 60% huku prosesa imejaa, hapo i7 itasaidia. Ina nyuzi 8 (threads, njia za kufanya kazi kwa pamoja), yako 4, na soketi, yaani sehemu prosesa inapokaa kwenye ubao mama, ni ileile LGA1150.

Ila kwanza fungua keisi. Niko Nkuhungu, na hili vumbi letu la Dodoma hujazana kwenye hitisinki (chuma kinachopoza prosesa) mpaka upepo haupiti. Joto likipanda, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Puliza, paka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, pima tena.

Halafu ramu (RAM, kumbukumbu ya kompyuta): ni kijiti kimoja au viwili? Hujasema, na kimoja kinakera sana kwenye gemu.