Gego lililokwama: ling'olewe au liachwe?

Nina miaka 23. Eksirei imeonyesha gego la mwisho la chini limelala, limeegemea jino la jirani. Haliniumi, lakini daktari anataka kuling'oa. Ni lazima?

Muulize sababu kabla hujapanda kiti chake. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma ya afya ya umma unasema gego lililokwama lisilo na ugonjwa lisiguswe. Ila "haliumi" si "halina ugonjwa". Gego lililolala hunasa chakula, na jino la jirani huanza kuoza kwa nyuma, ambako mswaki haufiki wala kioo hakikuonyeshi kitu. Siku utakayosikia maumivu, unaweza kupoteza mawili. Picha ikionyesha uozo, mfupa ulioliwa au uvimbe wenye majimaji, ling'olewe. Likiwa safi, liachwe, likaguliwe kila baada ya muda.

Magego haya ndiyo yaliyonipinda meno ya mbele?

Hapana. Yanasingiziwa.

Ufizi uliofunika nusu ya gego langu huvimba mara kwa mara. Mwaka huu nimemeza antibaiotiki mara tatu.

Na utameza ya nne. Uchafu umejificha chini ya kile kipande cha ufizi. Daktari apasafishe, nawe usukutue kwa maji vuguvugu ya chumvi. Antibaiotiki ni za pale penye homa, uvimbe unaosambaa au mdomo usiofunguka. Likizidi kukusumbua hivyo, ling'oke. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Kuna wanaobaki na ganzi mdomoni baada ya kung'olewa gego?

Wapo, wachache. Neva ya mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya taya, na wengine mizizi ya gego huigusa. Hapo daktari anaweza kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi ilipo.

Mwanangu ana miaka 12, chonge moja ya juu haijatoka.

Mpeleke sasa. Baada ya magego ya mwisho, chonge za juu ndizo hukwama zaidi. Kung'oa chonge ya utoto mapema huweza kuifungulia njia. Ikikataa, ufizi hupasuliwa, chonge ikafungwa kinyororo na kuvutwa taratibu kwa miezi mingi.

Nimeng'olewa siku tatu zilizopita, maumivu yanazidi.

Huenda bonge la damu limetoka, mfupa ukabaki wazi. Rudi leo, tundu lioshwe na kutiwa dawa. Na sigara, kama unavuta, iweke kando.