Gunia limelowa wapi?

Barua sita wiki hii, na zote zina harufu moja: mkojo wa mbwa. Tuanze na ndefu.

Shikamoo daktari. Nina mbwa jike wa miaka mitano, Salama, wa kienyeji lakini mkubwa. Tunamfungia bandani alfajiri, saa moja usiku tunamfungulia alinde, na mchana kijana humtoa mara moja akajisaidie. Tangu mdogo hajawahi kuchafua banda. Sasa ni wiki ya pili, kila jioni tunakuta gunia lake limelowa chapachapa. Kijana anasema anatukomoa kwa sababu tulimpunguzia mifupa, dawa yake fimbo. Ni kweli? (Ipagala, Dodoma)

Marahaba. Fimbo iwekeni pembeni kwanza, nitaitafutia kazi. Mbwa hakomoi mtu kwa mkojo. Kulalia uchafu wake mwenyewe anakuchukia kuliko kijana wenu anavyochukia kufagia banda. Mbwa mzima aliyezoea kutoka nje akianza ghafla kulowesha banda, mara nyingi ni mwili umemshinda. Ukimchapa atajifunza jambo moja tu: kukuogopa.

Kesho jioni, kabla hamjafagia, chuchumaa mlangoni uangalie kumelowa wapi. Kama ni katikati ya gunia, palepale alipojikunja, na manyoya ya mapajani yana unyevu, basi mkojo unamtoka usingizini na mwenyewe hana habari. Hii huwapata sana majike walioondolewa kizazi, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya operesheni, kwa kuwa msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea. Ina dawa, na wengi hupona au hupata nafuu kubwa. Kama ni dimbwi kwenye kona ya mbali na gunia kavu, alijizuia mpaka akashindwa. Kama ni matone kila mahali, na akitolewa nje anachuchumaa mara tano anatoa kijiko, fikiria maambukizi ya kibofu au mawe.

Halafu pima maji anayokunywa. Mbwa mwenye afya hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Salama akiwa na kilo 20, hiyo ni lita moja na kidogo. Joto la hapa Dodoma litampandisha, na dagaa wenye chumvi kwenye ugali pia, lakini akivuka lita mbili kwa siku, siku tatu mfululizo, usisingizie jua. Kisukari na ugonjwa wa figo hujitokeza hivyo. Jaza bakuli kwa chupa ya lita moja, kila ukijaza piga alama ukutani kwa mkaa. Na usimnyime maji ili banda likauke. Kama tatizo ni figo, utammaliza.

Hukuniambia kama ameondolewa kizazi. Kama bado, na alikuwa kwenye joto, yaani anataka dume, mwezi mmoja au miwili iliyopita, na sasa anakunywa sana huku chakula hataki, achana na mkaa na chupa. Kizazi kinaweza kujaa usaha bila hata tone kuonekana nje, na huo huua. Mpeleke kwa daktari leo hii.

Mkienda, nendeni na mkojo wake wa asubuhi. Najua mnacheka. Ile fimbo ya kijana sasa ina kazi: fungeni upawa wa zamani kwenye ncha yake, mfuateni Salama taratibu kwa nyuma, akichuchumaa upawa uingie chini yake. Mimina kwenye chupa safi yenye kifuniko, na ifike kwa daktari ndani ya saa mbili. Upawa usirudi jikoni.

Mbwa wetu wa miaka miwili hukaa kwenye kizimba cha waya, ndani ya nyumba. Tangu ofisi yangu ihamie Mtumba natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku, na kila siku nakuta amekojoa humo. Anaumwa? (Area D)

Ndugu yangu, hizo ni saa 13. Wewe hapo ofisini umekwenda chooni mara ngapi? Mbwa mzima asifungiwe zaidi ya saa sita hadi nane bila kutoka. Tafuta jirani au mtoto wa shule anayerudi mchana amtoe, au mwachie ua mzima. Ukifanya hivyo na bado analowesha, niandikie tena.

Nilimnunulia mbwa wangu vidonge vya muwasho kwenye duka la dawa za mifugo. Muwasho uliisha siku ya pili, ila sasa ni wiki ya tatu, anakunywa maji kama ng'ombe na banda linaogelea. Nimemwongezea diklofenaki ya bibi, labda ni maumivu. Niache ipi? (Nkuhungu)

Diklofenaki ya bibi irudishe kwa bibi, sasa hivi. Kwa mbwa inatoboa tumbo na kuharibu figo, na ikikutana na hivyo vidonge vingine ni hatari maradufu. Akitapika au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho. Vidonge vyenyewe, soma jina kwenye pakiti. Kama ni prednisoloni, kiu, njaa na mkojo mwingi ndiyo tabia yake. Lakini baada ya wiki tatu havikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo, na wa kukupangia ni daktari aliyemwona mbwa. Muuzaji wa dukani hawezi. Wakati huohuo mtoe nje mara nyingi zaidi, na utafute viroboto. Muwasho ulikuwa na sababu.

Mbukwenyi daktari. Mbwa alipona maambukizi ya kibofu mwezi uliopita, lakini bado anarudia kona ileile. Namwaga jiki kila siku, harufu haiishi. (Mpwapwa)

Pua yake inasoma usichokisoma wewe. Mkojo umezama kwenye sakafu, na kona hiyo kwake imekuwa choo. Jiki juu ya mkojo mbichi hutoa hewa inayokaba kifua, chako na chake, kwa hiyo acha. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha mwaga siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na banda likae wazi juani mchana kutwa. Kama sakafu ni ya udongo, chimbua sehemu iliyolowa na ujaze udongo mpya.

Vaa glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi. Mkojo wa mbwa na wa panya unaweza kubeba Homa ya Mgunda, ile iliyotangazwa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022.

Dume langu linadondosha mkojo wa damu bandani. Usiku huwa tunamwachia azurure. (Chang'ombe)

Mwangalie uume kwanza, vuta ngozi nyuma taratibu. Ukiona nyama iliyoota kama koliflawa inayotoka damu, huenda si mkojo kabisa: ni uvimbe ambao mbwa huambukizana wakipandana, na mbwa wanaozurura wanao sana. Hutibiwa kwa sindano, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona. Ukikuta pako safi na mkojo wenyewe ni mwekundu au wa rangi ya chai kavu, angalia fizi. Zikiwa nyeupe, hiyo yaweza kuwa homa ya kupe, na hapo hamna kusubiri Jumatatu.

Mzee wetu ana miaka 13. Tangu baridi ya Juni ianze anajikojolea palepale alipolala, halafu anaona aibu. Watoto wanaumia kumwona. (Kondoa)

Kamwone daktari apime mkojo na figo, uzee usisingiziwe kila kitu. Lakini soma pia miguu yake: akiamka, anajikokota? Pengine anajua anataka kutoka, ila viungo vimekaza kwa baridi na mlango uko mbali. Kama banda lina ngazi, itoeni, msifunge mlango usiku, na gunia lisogezwe hatua mbili kutoka kizingitini. Mtu wa mwisho kulala amwamshe amtoe nje. Watoto wanaweza kupokezana.